Ushahidi wa Jirani: Glasgow na Utetezi wa Mkimbizi Anayetakiwa Kuondoshwa

Kumtetea mtu asifukuzwe nchini huhesabiwa na wengi kuwa kazi ya huruma inayoshindana na sheria, ilhali historia ya jiji la Glasgow, huko Scotland, tangu mwanzo wa karne hii inaonesha kwamba utetezi uliofaulu ulikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya ushahidi. Wanafunzi, walimu na wapangaji wa ghorofa moja waliwapelekea maofisa habari ambazo faili la mkimbizi halikuwa nazo, yaani habari za mtu anayejulikana kwa jina, kwa mwenendo na kwa miaka aliyoishi nao, kisha wakatafuta muda wa kutosha ili habari hizo zisikilizwe kabla ndege haijaruka. Ukitazamwa kwa jicho hilo, utetezi wa rafiki una mbinu zake na una mipaka yake, na yapo mambo ambayo hata jirani mwema kuliko wote hana la kuyashuhudia.

Istilahi chache zahitaji kufafanuliwa mapema, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Mwomba hifadhi ni mtu aliyeingia nchi ya kigeni na kuomba alindwe, lakini ombi lake bado halijaamuliwa. Mkimbizi, kwa maana ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, ni yule aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini yake, uraia wake, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa kisiasa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kwa mkataba wake wa mwaka 1969, ulilipanua fungu hilo ili liwaingize pia wanaokimbia uvamizi, utawala wa kigeni na machafuko yanayovuruga vibaya usalama wa umma. Nguzo ya mikataba yote miwili ni kanuni ya kutorudisha, iliyomo katika ibara ya 33 ya Mkataba wa Geneva, inayokataza nchi kumrejesha mtu mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini.

Kanuni hiyo ni imara kwenye karatasi, lakini kwa vitendo humlinda yule tu ambaye maofisa au mahakama wameridhika kwamba maelezo yake ni ya kweli. Aliyekataliwa kimakosa, kwa sababu mkalimani alimfahamu vibaya, au kwa sababu alisitasita kuyataja mateso aliyopitia, huandikiwa uamuzi uleule anaoandikiwa asiye na haki yoyote, na wote wawili huingia katika utaratibu wa kuondoshwa nchini, ambao ni hatua ya serikali ya kumtoa mtu kwa nguvu baada ya kumtangaza kuwa hana ruhusa ya kubaki. Ni katika upenyo huo, baina ya uamuzi na uwanja wa ndege, ndipo marafiki wa Glasgow walipojifunza kufanya kazi.

Mgeni asiyepewa jembe

Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya mwaka 1999 iliipa serikali ya Uingereza mamlaka ya kuwatawanya waomba hifadhi wasio na makazi, ili wasijazane London na kusini-mashariki mwa nchi, na kuanzia mwaka 2000 Glasgow ikawa mojawapo ya miji iliyopokea watu wengi zaidi chini ya mpango huo. Sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa: manispaa ya jiji ilikuwa na majengo marefu ya miaka ya 1960, kama yale ya Sighthill na Red Road, ambayo vyumba vyake vingi vilikosa wapangaji. Familia kutoka Kosovo, Uturuki, Iraki, Iran, Somalia na Kongo zikajikuta zimepelekwa katika mitaa ya watu maskini ambao hawakuandaliwa kuwapokea, na hasira ikazuka. Mwezi Agosti 2001 kijana mmoja Mkurdi kutoka Uturuki aliuawa kwa kuchomwa kisu Sighthill, tukio lililowalazimisha wenyeji na wageni kukaa pamoja na kuulizana wataishije.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na hekima ya msemo huo ni kwamba kazi ndiyo humgeuza mgeni akawa mwenyeji. Sheria ya Uingereza ilifunga mlango huo, kwani mwomba hifadhi hukatazwa kuajiriwa, na anayeruhusiwa kuomba kibali cha kazi ni yule tu ambaye ombi lake limecheleweshwa kwa zaidi ya miezi 12 bila yeye kuwa na kosa, tena kwa kazi chache zilizoorodheshwa. Kwa kuwa hapakuwa na kiwanda wala ofisi ya kuwakutanisha watu wazima, mahali pakuu ambapo wageni na wenyeji waligusana kila siku palibaki kuwa shule, pamoja na lifti na ngazi za majengo yale marefu. Jambo hilo linaeleza kwa nini utetezi wa Glasgow ulianzishwa na wasichana wa sekondari na wanawake wa majumbani, na si na vyama vya wafanyakazi.

Darasa la Drumchapel

Mwezi Machi 2005, msichana wa miaka 15 aliyeitwa Agnesa Murselaj, wa jamii ya Waroma kutoka Kosovo, alikamatwa na familia yake katika kile kilichokuja kuitwa uvamizi wa alfajiri, yaani utaratibu wa maofisa wa uhamiaji kuingia nyumbani kabla watu hawajaamka, kuwaamuru wafungashe na kuwapeleka katika kituo cha kuzuilia. Familia ilihamishwa hadi Yarl's Wood, katika jimbo la Bedfordshire kusini mwa Uingereza, mamia ya kilomita kutoka Glasgow. Umbali huo una maana yake katika kazi ya utetezi, maana fimbo ya mbali haiui nyoka: mtu anapoondolewa katika mtaa unaomjua, huondolewa vilevile mbele ya mashahidi wake, wakati ule ule anapowahitaji kuliko siku nyingine zote.

Wanafunzi wenzake sita wa Shule ya Sekondari ya Drumchapel, ambao baadhi yao walikuwa wenyeji wa Glasgow na wengine waomba hifadhi kama yeye, akiwemo Amal Azzudin aliyezaliwa Somalia na Roza Salih, Mkurdi kutoka Iraki, waliizungusha shuleni hati ya maombi yenye saini za wanafunzi na walimu, huku mwalimu wao Euan Girvan akiwasaidia kuwafikia wanasiasa na vyombo vya habari. Kundi hilo, pamoja na Agnesa mwenyewe, lilijulikana kama Wasichana wa Glasgow. Baada ya wiki kadhaa Agnesa na familia yake waliachiwa na kurudi Glasgow, na mwaka huohuo wasichana hao walipewa tuzo ya kampeni bora ya mwaka katika Scotland. Baadaye habari zao zilitengenezewa filamu za hali halisi, tamthilia ya muziki mwaka 2012 na mchezo wa televisheni mwaka 2014.

Umaarufu huo umefunika somo lililo muhimu zaidi, ambalo lilitokana na kushindwa. Mwezi Septemba 2005 familia nyingine yenye watoto waliosoma Drumchapel ilikamatwa alfajiri na kuondoshwa nchini licha ya makelele yote yaliyopigwa. Wasichana wakatambua kwamba kumwokoa rafiki mmoja baada ya mwingine ni kufukuzana na gari lililokwisha kuondoka, na wakaanza kudai mabadiliko ya utaratibu wenyewe. Walifika Bungeni Edinburgh na kukutana na Jack McConnell, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Scotland, naye akaahidi kutafuta na serikali ya London mwafaka ambao ungetaka idara za elimu na ustawi wa jamii ziulizwe kabla familia yenye watoto haijaondolewa.

Ahadi hiyo iligonga ukuta wa katiba. Kwa mujibu wa Sheria ya Scotland ya mwaka 1998, elimu, afya na polisi ziko chini ya Bunge la Edinburgh, lakini uhamiaji umebaki mikononi mwa London, na Wizara ya Mambo ya Ndani haikukubali kuwapa Waskoti kauli juu ya nani aondoshwe na lini. Hata hivyo shinikizo lililoanzia katika madarasa ya namna hiyo liliungana na sauti za madaktari na watetezi wa watoto kote Uingereza, na mwaka 2010 serikali mpya ya mseto iliahidi kukomesha kuwazuilia watoto kwa sababu za uhamiaji. Kituo cha Dungavel, kilichoko Scotland, kiliacha kupokea watoto mwaka huo, na sehemu ya familia ya Yarl's Wood ikafungwa. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 2014 ikaweka mipaka ya saa na siku kwa hali chache zilizobaki. Mabadiliko ya mwaka 2010 yalikuja miaka mitano baada ya hati ya maombi ya Drumchapel, muda ambao binti wa miaka 15 amekwisha kuwa mtu mzima.

Zamu za alfajiri na hesabu ya muda

Mbali na shule, kulikuwa na utetezi wa ngazini. Katika majengo ya Kingsway Court, mtaa wa Scotstoun, wakazi wenyeji wakiongozwa na wanawake kama Jean Donnachie walianza kuamka mapema na kushika zamu, na kila walipoyaona magari ya uhamiaji yakikaribia, waliwapigia simu majirani zao ili waondoke kabla mlango haujagongwa. Mwaka 2006 kikafunguliwa Kituo cha Unity huko Ibrox, karibu na ofisi ambako waomba hifadhi walitakiwa kuripoti mara kwa mara, kwa sababu kuripoti kwenyewe kulikuwa hatari: mtu angeweza kuingia kusaini na asitoke tena. Aliyepita kituoni kwanza aliacha jina lake, na kama hakuonekana baada ya muda, wafanyakazi wa kujitolea walijua kwamba amezuiliwa na wakaanza kumtafutia wakili.

Mtu wa nje angeweza kuziona zamu hizo kuwa ni ukaidi tu, lakini ziliambatana na hesabu ya kisheria iliyo wazi. Anayetakiwa kuondoshwa Uingereza bado anaweza kuwasilisha maelezo mapya, ambayo yakionekana kuwa tofauti kwa kiasi kikubwa na yale ya awali huhesabiwa kama ombi jipya. Anaweza pia kuomba mapitio ya mahakama, ambapo jaji huchunguza kama uamuzi wa serikali ulifuata sheria. Na mbunge wa eneo lake anaweza kumwandikia waziri kumwombea. Njia zote tatu zinahitaji nyaraka, na nyaraka hazipatikani kwa saa chache za alfajiri na mtu aliyenyang'anywa simu. Siku mbili au tatu zilizopatikana kwa zamu ya jirani ndizo zilizomwezesha wakili kusoma faili hadi ukurasa wa mwisho.

Katika nyaraka hizo barua ya jirani ilikuwa na uzito wake. Ibara ya 8 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu hulinda maisha binafsi na ya familia, na maisha binafsi kwa tafsiri ya mahakama ni mahusiano ambayo mtu ameyajenga mahali anapoishi, kuanzia shule na ibada hadi timu ya mpira. Mwalimu anayeandika kwamba mtoto fulani yuko darasani kwake tangu mwaka fulani, au mwenyeji anayeeleza kuwa mama fulani ndiye humtunzia mzazi wake mgonjwa, anatoa ushahidi ambao hakuna ofisa aliyeko London angeweza kuubuni wala kuupuuza bila maelezo. Lawama na machozi havina ibara katika mkataba huo. Tarehe, majina na mambo yaliyoonekana kwa macho vinayo.

Serikali nayo ilielewa nguvu ya ushahidi huo, ndiyo maana Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 2014 iliwaagiza majaji wayape uzito mdogo maisha binafsi yaliyojengwa wakati mtu hana ruhusa ya kudumu ya kuishi nchini, huku ikiacha nafasi kwa mzazi wa mtoto aliyeishi Uingereza kwa miaka saba mfululizo, iwapo haitakuwa busara kumtarajia mtoto huyo aondoke. Kwa lugha ya kawaida, bunge lilimwambia jirani kwamba ushahidi wake utapokelewa lakini utapunguzwa kwenye mizani. Tangu hapo barua za marafiki zimeendelea kuandikwa, ila mawakili wamelazimika kuzitumia kwa ustadi zaidi, wakizielekeza kwenye maslahi ya watoto na kwenye hatari iliyoko kule mtu anakopelekwa.

Ulimi wa Kibajuni mahakamani

Yapo maswali ambayo jirani hawezi kuyajibu, na kubwa kuliko yote ni lile la mahali mtu alikozaliwa. Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kulitazama swali hili, kwa kuwa miongoni mwa waliotakiwa kuondoshwa kutoka Glasgow walikuwamo Wabajuni, watu wa visiwa na pwani ya kusini mwa Somalia, kuanzia Kismayu na visiwa kama Chula na Koyama kuteremka hadi mpaka wa Kenya, ambao lugha yao ni lahaja ya Kiswahili. Vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991 viliwatawanya hadi Mombasa na kwingineko, na baadhi yao wakafika Uingereza bila hati, kwani dola iliyopaswa kuwapa hati ilikuwa imesambaratika. Palipokosekana pasipoti, Wizara ya Mambo ya Ndani ilitumia uchambuzi wa lugha, yaani mahojiano yaliyorekodiwa na kupimwa na kampuni ya Sprakab ya Sweden, ili kukisia msemaji alilelewa wapi, na baadhi ya waliojitaja kuwa Wabajuni wa Somalia waliambiwa kwamba matamshi yao ni ya Kenya.

Yeyote anayeijua pwani ataona ugumu ulipo. Kibajuni husemwa pande zote mbili za mpaka, tangu kusini mwa Somalia hadi maeneo ya Lamu, na mpaka huo uliochorwa na wakoloni haukuwahi kukata lahaja kama ulivyokata ramani. Zaidi ya hapo, mtoto aliyekulia katika kambi ya wakimbizi Mombasa hutoka na Kiswahili chenye mchanganyiko wa Kimvita, cha shuleni na cha sokoni, bila kupoteza hata chembe ya asili yake. Ulimi huonesha mahali mtu alipojifunzia kusema na watu aliosema nao, jambo ambalo ni tofauti na uraia. Wanaisimu walikwisha kutoa tahadhari ya aina hiyo katika mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2004 kuhusu matumizi ya uchambuzi wa lugha katika kesi za hifadhi, wakasisitiza kuwa kazi hiyo ifanywe na wataalamu wa isimu na kwamba hitimisho lake lisivuke kile ambacho lugha inaweza kuthibitisha.

Mwezi Mei 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, ikisikiliza rufaa iliyotoka Scotland juu ya ripoti za kampuni hiyo kuhusu waomba hifadhi waliojitaja kuwa Wasomali, ilikubali kwamba uchambuzi wa lugha unaweza kupokelewa kama ushahidi, lakini ikaonya kuwa mchambuzi asitoe maoni juu ya mambo yaliyo nje ya utaalamu wake, kama vile iwapo mtu anaonekana kuijua nchi anayodai kutoka. Kwa watetezi wa Glasgow hilo lilikuwa fundisho kwamba rafiki hutakiwa wakati mwingine kumtafuta shahidi mwingine anayemzidi yeye, awe bingwa wa lahaja, daktari wa majeraha au mwanahistoria, na kisha kukaa pembeni.

Wasio na jirani

Jiji lilikumbushwa ujuzi wake tarehe 13 Mei 2021, siku ya Idi, maofisa wa uhamiaji walipowakamata wanaume wawili raia wa India katika mtaa wa Kenmure, Pollokshields. Wakazi walilizingira gari, mtu mmoja akajilaza chini yake ili lisiondoke, na baada ya takriban saa nane polisi wa Scotland waliamua watu hao waachiwe kwa ajili ya usalama na afya ya umma. Picha zilienea duniani, ingawa kuachiwa huko hakukuwapa wawili hao ruhusa ya kuishi nchini. Kuliwarudisha kwa mawakili wao, kazi ileile ya kutafuta muda iliyofanywa na zamu za Kingsway Court miaka 15 kabla.

Tukio hilo linadhihirisha pia udhaifu wa njia yenyewe. Utetezi wa jirani humfaa aliyekaa muda mrefu, anayeijua lugha ya mtaa, mwenye watoto shuleni au mwenye haiba inayovuta watu, na humwacha mtu mpweke aliyefika juzi, anayehamishwa kutoka malazi mamoja hadi mengine bila kuulizwa, na ambaye huenda hatari inayomngoja kwao ni kubwa zaidi. Haki inayotegemea kupendwa hugawiwa kwa upendeleo, na ndiyo sababu nafasi ya rafiki lazima hatimaye ichukuliwe na taasisi. Mfano wa karibu ni Kenya, ambako serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba itafunga kambi ya Dadaab na kuwarejesha Wasomali, hakuna barua za majirani ambazo zingetosha kwa watu zaidi ya laki mbili. Waliokwenda Mahakama Kuu walikuwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na shirika la Kituo cha Sheria, na tarehe 9 Februari 2017 mahakama ikaamua kwamba agizo hilo lilikiuka katiba na kanuni ya kutorudisha.

Glasgow yenyewe imepiga hatua kuelekea huko kwa mwendo wa kobe. Sheria ya mwaka 2020 iliwapa wakimbizi haki ya kupiga kura katika chaguzi za Scotland, na mwezi Mei 2022 Roza Salih, aliyekuwa miongoni mwa wasichana saba wa Drumchapel, alichaguliwa kuwa diwani wa jiji, mmoja wa wakimbizi wa kwanza kupata nafasi hiyo Scotland. Uhamiaji hata hivyo haujatoka London, na diwani hana mamlaka ya kusimamisha ndege wala kufuta uamuzi wa wizara. Mkazi wa kata yake akijikuta katika utaratibu wa kuondoshwa, silaha aliyonayo diwani ni ileile iliyokuwa mkononi mwa mwanafunzi wa mwaka 2005: barua yenye jina, tarehe na maelezo ya jinsi anavyomfahamu mtu huyo.